Oveni ya Umeme Isiyopata Moto: Chanzo cha Hitilafu na Njia ya Kuitafuta

Oveni ya umeme ni chombo sahili kuliko kinavyoonekana. Kazi yake kubwa ni moja tu: kuupitisha mkondo wa umeme katika waya usiopitika kwa urahisi, mpaka waya huo uive na kulipasha joto sanduku lililouzunguka. Kwa sababu hiyo, oveni ikiacha kupata moto, aghalabu kilichoharibika ni kimoja tu kati ya vitu vitano au sita. Hata hivyo, si mara chache chombo kama hicho hutupwa nyuma ya nyumba kwa hitilafu ndogo ya waya, au hufunguliwa na mtu asiyejua akitendacho, naye akapigwa na umeme. Hasara ya kwanza ni ya fedha; ya pili yaweza kuwa ya uhai. Zote mbili zaepukika kwa elimu ya fizikia ifundishwayo katika shule za sekondari.

JOTO HUTOKA WAPI

Mnamo mwaka 1827 mwanasayansi wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, alieleza uhusiano uliopo baina ya volteji, mkondo na ukinzani. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kuwa joto litokalo katika waya kwa kila sekunde hulingana na ukinzani wa waya ule, ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha mkondo. Sheria hizi mbili zatosha kuieleza oveni nzima.

Waya wa shaba haufai kutoa joto, kwani hupitisha umeme kwa wepesi mno. Waya wa chuma cha kawaida nao, ukiiva, huliwa upesi na oksijeni ya hewani. Ufumbuzi ulipatikana Marekani, ambako Albert Marsh alipewa hataza mwaka 1906 kwa aloi ya nikeli na kromi, iitwayo leo nikromu. Ukinzani wa nikromu ni kama mara 60 ya ule wa shaba, nayo ikipata moto hujivika utando mwembamba wa oksidi ya kromi uzuiao hewa isiendelee kuila. Katika oveni, koili ya nikromu hutiwa ndani ya bomba la chuma, na nafasi iliyobaki hushindiliwa unga wa oksidi ya magnesi. Unga huu una tabia mbili zinazohitajika pamoja: hupitisha joto vizuri, lakini huzuia umeme usifike kwenye bomba.

Chukua oveni ya wati 2,000 inayotumia umeme wa volti 230, kama ule utolewao majumbani nchini Tanzania. Mkondo wake ni 2,000 kugawanywa kwa 230, yaani ampea 8.7. Ukinzani wake ni 230 kugawanywa kwa 8.7, yaani karibu omu 26. Tarakimu hii ya 26 ndiyo ufunguo wa utafutaji wote unaofuata. Tena ukinzani wa nikromu haubadiliki sana kati ya baridi na moto; kwa hiyo koili iliyopoa yaweza kupimwa na kuaminiwa.

KABLA YA KUSHIKA BISIBISI

Plagi sharti ichomolewe katika soketi. Haitoshi kuzima swichi ya ukutani, maana fundi aliyetandaza nyaya huenda aliifunga swichi katika waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Katika hali hiyo oveni iliyozimwa bado ina umeme ndani yake. Majiko makubwa yaliyounganishwa moja kwa moja na ukuta hayana plagi, na kwa hayo hapana budi kuzima swichi kuu ya nyumba.

Wengi hudhani kwamba fyuzi huwalinda. Sivyo. Mkondo wa ampea 0.03 ukipita kifuani kwa muda mfupi waweza kuhatarisha moyo, ilhali fyuzi ya plagi ya kawaida huruhusu ampea 13, yaani zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Fyuzi huzilinda nyaya zisiungue. Mtu hulindwa na waya wa ardhi, pamoja na swichi maalumu ikataayo umeme inapohisi kuvuja.

KUTAFUTA HATUA KWA HATUA

Kanuni ya utafutaji ni kuanza nje na kwenda ndani, kwa kufuata njia ile ile ipitwayo na mkondo.

Kwanza, soketi. Chombo kingine kizima, kama pasi, kichomekwe katika soketi hiyo hiyo. Kisipofanya kazi, oveni haina kosa.

Pili, saa ya oveni. Oveni nyingi zenye saa hukataa kupata moto baada ya umeme kukatika na kurudi, mpaka saa irekebishwe upya au iondolewe katika hali ya kujiwasha yenyewe. Hitilafu hii ambayo si hitilafu imepeleka oveni nyingi kwa fundi bure.

Tatu, taa ya ndani. Taa ikiwaka ilhali moto haupo, basi umeme umefika ndani ya oveni. Fyuzi na waya wa plagi ni vizima. Kosa litafutwe katika swichi, thamostati au koili. Taa isipowaka, plagi ifunguliwe kwanza na fyuzi ipimwe.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya kiasi kile kile. Kuziba nafasi yake kwa msumari au karatasi ya bati ya pakiti ya sigara ni kuondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Fyuzi mpya nayo ikikatika mara moja, isiwekwe ya tatu: umeme umepata njia ya mkato mahali fulani, na mahali hapo hapana budi pajulikane kwanza.

Nne, maungio ya nyaya. Skrubu iliyolegea huleta ukinzani pale pasipohitajika. Tuseme ungio moja lina ukinzani wa nusu omu tu. Mkondo wa ampea 8.7 ukipita hapo, joto lake ni 8.7 mara 8.7 mara 0.5, yaani karibu wati 38, sawa na chuma cha kulehemu cha fundi redio, nalo limefungiwa katika nafasi ndogo kama punje ya mahindi. Ndiyo sababu ungio legevu huonekana jeusi, na plastiki iliyo jirani huyeyuka. Waya ulioungua ukatwe hadi penye shaba inayong'aa, kisha ukazwe upya.

Tano, koili. Wakati mwingine kosa huonekana kwa macho: bomba lina uvimbe, ufa au tundu. Lisipoonekana, waya za koili zitolewe, kisha ipimwe kwa malitimita. Kwa oveni ya mfano wetu, jibu la karibu omu 26 laonyesha koili nzima. Mshale au tarakimu ikionyesha ukinzani usio na mwisho, koili imekatika. Kipimo cha pili ni kati ya ncha ya koili na bomba lake: hapo hapapaswi kupita umeme hata kidogo. Ukipita, bomba limekuwa hatari na koili isitumike.

Sita, thamostati pamoja na kikatio cha usalama kilicho karibu nayo. Thamostati ya oveni aghalabu ina kijibomba chembamba chenye kioevu. Joto likipanda, kioevu hutanuka na kusukuma kiwambo kinachotenganisha ncha mbili za mguso. Joto likishuka, ncha hukutana tena. Oveni ikiwa baridi, na kitasa kimegeuzwa kwenye joto la juu, ukinzani kati ya ncha hizo unapaswa kuwa karibu sifuri. Usipokuwa hivyo, ncha zimeungua. Thamostati au kikatio kilichoharibika hubadilishwa. Kamwe kisirukwe kwa kipande cha waya, kwani oveni isiyojua kujizima ni chanzo cha moto wa nyumba.

ONYO KUHUSU BETRI NA BALBU

Wanafunzi hupenda kupima kwa betri mbili za tochi na balbu yake. Kwa fyuzi na nyaya, kipimo hicho chafaa. Kwa koili hudanganya. Betri mbili hutoa volti 3, na zikipita katika omu 26 mkondo hauwezi kuzidi ampea 0.12, ilhali balbu ya tochi ya kawaida huhitaji kama ampea 0.3. Balbu haitawaka sawasawa, na koili nzima itahukumiwa kuwa mbovu. Mahali pa balbu itumike taa nyekundu ya LED pamoja na kikinzani cha omu 100. Hiyo huridhika na mkondo mdogo sana.

KOSA LA KUUNGA KOILI

Katika majiko ya koili iliyo wazi, waya ukikatika watu huzisokota ncha mbili na kuendelea kupika. Kifizikia kuna makosa mawili. Ungio lile la kusokota hushika kutu ya moto, ukinzani wake hupanda, na hukatika tena pale pale. La pili ni la hesabu. Waya ukipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, ukinzani hushuka hadi asilimia 90, na jumla ya joto hupanda kwa asilimia 11. Lakini joto hilo lililozidi linatoka katika waya uliopungua urefu, hivyo kila sentimita yabeba asilimia 23 zaidi ya ilivyokusudiwa. Koili iliyoungwa hivi hujiua yenyewe. Dawa ni koili mpya yenye wati na volti zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha jiko.

OVENI IPATAYO MOTO HAFIFU

Si kila moto hafifu ni ubovu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200 kwa sababu ya wingi wa matumizi mtaani, nguvu hushuka kwa kipeo cha pili: wati 2,000 huwa kama wati 1,500. Mkate uliokuwa ukiiva kwa dakika 40 hukawia. Oveni ikifanya vizuri usiku wa manane na vibaya saa ya chakula cha jioni, mwenye kosa ni volteji.

MPAKA WA KAZI YA NYUMBANI

Baada ya matengenezo, na kabla ya kurudisha plagi, ipimwe njia ya ardhi: kutoka mguu mrefu wa plagi hadi mwili wa oveni ukinzani uwe karibu sifuri, na kutoka miguu mingine hadi mwili kusipite umeme. Katika vyombo vipya waya wa ardhi ni wa kijani chenye mistari ya njano, wa moto ni wa kahawia na wa nyutro ni wa buluu. Katika vyombo vya zamani ni kijani, nyekundu na nyeusi. Oveni isiyofaulu kipimo hiki ipelekwe kwa fundi aliyefuzu, hata kama inapata moto barabara. Kupata moto ni nusu ya uzima wa oveni. Nusu ya pili ni kutomdhuru anayeigusa.

Zoezi: Pasi ya umeme imeandikwa wati 1,000, volti 230. Tafuta ukinzani wake, kisha uupime kwa malitimita plagi ikiwa mkononi na kitasa cha pasi kikiwa kwenye joto la juu. Tarakimu mbili zikitofautiana sana, jadilianeni darasani ni hitilafu gani iliyomo, na ni hatua ipi ifuatayo.