Baada ya Kutoka Kundini: Huduma kwa Aliyenyimwa Chakula na Dawa kwa Kisingizio cha Maandiko

Mnamo Aprili 2023, polisi nchini Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na mingi iliyochunguzwa ilikuwa na dalili za njaa. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa kwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, alikana mashtaka. Baadhi ya waliookolewa wakiwa hai walikataa chakula mbele ya waokoaji. Mtu anaweza kutolewa mahali pa hatari kabla hajaacha kuamini kilichompeleka pale. Makala hii inaeleza namna ya kumhudumia.

Maandiko yanavyopotoshwa

Biblia haikatazi tiba. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Luka anatajwa kuwa tabibu. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula. Kiongozi mdhibiti huyaacha hayo na kushika mstari mmoja nje ya muktadha wake. Onyo la Zaburi 105 la kutowagusa wapakwa mafuta huelekezwa kwa muumini anayeuliza maswali, ilhali katika zaburi yenyewe wanaoonywa ni wafalme, wasiwadhuru wasafiri wachache wasio na nguvu.

Kufunga ni ibada ya kale na si ugonjwa. Dalili za hatari ni hizi: kukatazwa kuuliza, kutenganishwa na ndugu, kuacha dawa ili kuthibitisha imani, kufungishwa kwa watoto, wajawazito au wagonjwa, na kutishiwa laana ukiondoka.

Hatari ya kulishwa haraka

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huendeshwa na mafuta yake, huku akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ikipungua. Ukipewa wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kuyaingiza madini hayo ndani ya seli. Kiwango chake katika damu hushuka; moyo hupiga bila mpangilio, misuli ya kupumua hulegea, na mgonjwa anaweza kufa akiwa tayari ameokolewa.

Kwa hiyo, aliyekaa zaidi ya siku 10 bila chakula, au na kidogo mno, apelekwe hospitali; asipewe sahani iliyojaa nyumbani. Apewe vitamini B1 kabla ya kuanza kulishwa. Mtu mzima huanza na takriban kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au pungufu ikiwa hali ni mbaya zaidi, kisha huongezwa polepole huku madini yakipimwa na kurekebishwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanza na maziwa ya F-75.

Dawa zilizoachwa

Ulizeni waziwazi: ni dawa gani iliachwa, na tangu lini? Aliyeacha insulini anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache. Aliyeacha dawa za kifafa anaweza kupata degedege mfululizo. Aliyeacha ARV huenda amepanda kiwango cha virusi, na anahitaji kutathminiwa upya kabla ya kupangiwa dawa. Mgonjwa akikemewa siku ya kwanza, huficha ukweli tunaouhitaji ili kumtibu.

Hofu inayobaki

Anayeondoka hupoteza kwa mpigo mmoja marafiki, ratiba na maelezo ya maisha yake, pengine na mwenzi aliyebaki kundini. Akipata homa, hudhani laana imetimia. Kukosa usingizi, jinamizi, hatia na mawazo ya kujiua hutokea, na hutibika. Mhudumu amuulize moja kwa moja kuhusu kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo.

Tusimlazimishe achague kati ya Mungu na hospitali, kwa kuwa ndilo chaguo alilolazimishwa kule alikotoka. Wala tusishindane naye kwa aya. Inatosha kumweleza kila kipimo, kuomba ridhaa yake na kuheshimu jibu lake. Pengine ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kuulizwa anataka nini. Akitaka kiongozi wa dini, aitwe yule anayekubaliana na matibabu.

Nawe uliyetoka, rudi kliniki hata kama umekaa miaka bila kuhudhuria. Hutatakiwa kuikana imani yako ili utibiwe.