Sura ya 7: Usukani na Nyaya Zake

Kwa kuutazama tu, usukani wa pikipiki ni bomba la chuma lililobanwa kwa bolti nne, na mwenye spana anaweza kuamini kwamba kazi itakwisha kabla chai haijapoa. Bomba lenyewe kweli halina ugumu. Ugumu uko kwenye vinavyoning'inia juu yake: waya wa klachi, waya wa mafuta, breki ya mbele na nyaya za umeme za swichi. Urefu wa kila kimoja ulipangwa kiwandani kufuata umbo la usukani ule. Ndiyo maana nashikilia kwamba pikipiki ya zamani irudishiwe usukani wa umbo lake la awali, na atakaye umbo jingine ahesabu bei ya nyaya kabla ya bei ya bomba.

Chukua Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kuigwa mno na viwanda vya China, hata pikipiki nyingi za barabara zetu ni wajukuu wake. Ukiifunga usukani ulio juu zaidi, waya wa klachi unakazika. Pikipiki ikienda moja kwa moja huenda usione kitu, lakini ukikata kona kali waya unajivuta wenyewe, klachi inateleza na sahani zake zinaungua polepole. Waya wa mafuta ni hatari zaidi, kwa sababu ukivutwa injini hupanda mbio wakati dereva anageuza kwa mwendo mdogo, miguu ikitafuta ardhi. Usukani mfupi nao una lake: waya uliobaki mrefu hujikunja, na uliokunjika haurudi upesi mkono unapoachia. Kwenye breki ya mafuta, mpira uliozeeka hauvumilii kuvutwa hata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba dereva wa bodaboda anayekaa kitini kutwa ana haki ya usukani unaompumzisha mgongo. Anayo. Lakini mara nyingi inatosha kulegeza bolti, kuzungusha usukani uleule kidogo na kushusha mikono ya klachi na breki ifuate mstari wa mkono wake. Hoja ya pili ni ya mfukoni: kwa nini ununue wakati fundi wa kona anaunyoosha? Kwa sababu chuma kilichopinda kimekwisha kuchoka pale kilipopindia, na kukirudisha ni kukichosha mara ya pili mahali palepale. Ufa hujificha chini ya rangi. Kukipasha moto hakusaidii. Kunaharibu kromu na mara nyingi kunakilainisha chuma.

Kabla ya kununua, pima unene. Pikipiki nyingi za Japani hutumia bomba la milimita 22, ilhali baadhi ya za Marekani ni milimita 25.4, na kipande cha kopo hakifai kujaza tofauti hiyo. Piga picha njia za nyaya, funika tangi kwa blanketi, na kikombe cha mafuta ya breki kisimame wima kila wakati, maana mafuta hayo hula rangi. Raba za mikono huteleza kwa maji ya sabuni. Usitumie grisi, itabaki humo na raba itazunguka mkononi. Swichi nyingi zina kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani. Ukikikata ili kukwepa kutoboa, swichi itazunguka na kuvuta nyaya zake. Vibanio vyenye alama ya mbele hukazwa bolti za mbele kwanza, kisha za nyuma, na mwanya mdogo unaobaki nyuma si kosa. Kulazimisha uzibe ndiko kunakopasua vibanio.

Kipimo cha mwisho kifanyike nje, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na gia huru. Mkono wa klachi uwe na nafasi ya kucheza ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Washa injini, iache ingurume taratibu, kisha geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Kila upande, vuta mafuta kidogo na uachie: lazima yajirudishe yenyewe. Mlio ukipanda unapogeuza, zima na uzipange nyaya upya. Pikipiki hiyo bado haifai kuingia barabarani.