MRI ya Moyo: Kwa Nini Dawa Ipunguzwe?

Katika kipimo cha MRI cha moyo, mgonjwa huchomwa sindano ya gadoliniamu. Dawa hiyo hukawia kwenye kovu la msuli wa moyo, hivyo kovu huonekana jeupe pichani. Kisha figo huitoa mwilini.

Mwaka 2006 madaktari wa Ulaya waliihusisha dawa hii na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa wenye figo dhaifu sana. Tangu hapo wataalamu huchagua aina zilizo salama zaidi, na kutumia kiasi kidogo kinachotosha kuonyesha kovu. Gadopiklenoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hutolewa nusu ya kiasi cha kawaida.

Wanakamati, mkimsindikiza mgonjwa, mkumbusheni amweleze daktari hali ya figo zake kabla ya sindano.