Simu Itajuaje Kwamba Anakesha Kazini?

Tuseme ni saa nane za usiku katika mji wa Maua, Kaunti ya Meru, na simu ya kijana mmoja ingali inawaka. Tangu magharibi amepiga simu mara kumi na mbili. Ametembea kilomita tano akizunguka palepale. Jumbe zake ni fupi na za haraka. Programu iliyofunzwa kutambua dalili za bipola ingeona hatari. Jirani yake angeona mlinzi wa shamba la miraa: anapita mti hadi mti, anatafuna asisinzie, na anawapigia walinzi wenzake kujuliana hali.

Bipola ni ugonjwa unaomrusha mtu kati ya pande mbili. Upande mmoja ni mania: anachangamka kupita kiasi, usingizi wa saa mbili unamtosha, maneno yanamtoka mfululizo, pesa zinaishia kwenye mipango mikubwa. Upande wa pili ni sonona, ambapo hata kuamka kitandani ni kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani waliishi na ugonjwa huu. Dawa zipo. Daktari John Cade wa Australia alieleza manufaa ya lithiamu mwaka 1949, na hadi leo inatumika, ingawa anayeimeza hana budi kupimwa damu mara kwa mara kwa kuwa ikizidi ni sumu.

Tatizo kubwa ni kuwahi. Mgonjwa anayetoka Mbeere hadi hospitali ya rufaa ya Embu huonana na daktari kwa dakika chache, kisha anaulizwa: mwezi huu umelalaje? Aliyezama katika sonona hukumbuka giza tupu. Aliye kwenye mania husema hajawahi kuwa mzima hivi. Simu haina hali ya moyo. Ina kihisi cha mwendo, ina orodha ya simu zilizopigwa, na inajua skrini iliwashwa lini.

Hapo ndipo watafiti wa Copenhagen, wakiwemo Maria Faurholt-Jepsen na Lars Vedel Kessing, walipoanzia mradi wa MONARCA. Mgonjwa hujaza kila siku hali yake ya moyo, usingizi na dawa alizomeza, huku simu ikikusanya takwimu zake kimyakimya. Huko Chicago, timu ya Alex Leow ilibuni BiAffect, kibodi isiyotunza maneno yanayoandikwa. Inatazama tu kasi ya vidole na jinsi mtu anavyofuta na kusahihisha makosa.

Matokeo yanataka subira. Jaribio la kwanza la MONARCA, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusisha wagonjwa 78 kwa miezi sita, na dalili hazikupungua kuliko kwa wenzao wasiotumia mfumo huo. La pili, lenye wagonjwa 129 kwa miezi tisa, nalo halikupunguza dalili, ingawa waliotumia mfumo walisema maisha yao yameboreka na msongo umepungua. Yaani simu inaweza kuona mengi bila kuponya lolote.

Sasa ilete Meru. Kibodi inayosahihisha Kiingereza itamwona mtu anayechanganya Kimeru, Kiswahili na Sheng kuwa mkosaji asiyekoma. Simu moja huenda ikatumiwa na mume, mke na mtoto wa shule, basi usingizi unaopimwa ni wa nani? Bando likiisha, kimya cha siku tatu kitafanana na sonona. Mwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe, naye simu yake haina kihisi hata kimoja.

Hata hivyo, tusiicheke mashine upesi. Miraa ya Igembe na muguka ya Mbeere zina kathinoni, kemikali yenye undugu na amfetamini. Hiyo handasi, yaani msisimko, wanayoitafuta watafunaji hufukuza usingizi, na kwa mwenye bipola, kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuwasha mania. Mlinzi wetu anakesha kwa ajili ya kazi, lakini kazi hiyohiyo inaweza kumwangusha.

Kuna pia suala la siri. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Pale ambapo watu bado huitwa wendawazimu, orodha ya nyakati ulizolala na mahali ulipokwenda haifai kufika kwa mwajiri wala kwa mkopeshaji. Mgonjwa ndiye aamue nani aione, na awe na uwezo wa kuizima.

Njia ya busara ni kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe, si na mkazi wa Copenhagen. Usiku wa mlinzi usihesabiwe. Simu itazame mchana. Kwa kawaida akirudi nyumbani asubuhi hulala hadi saa nane. Siku atakaporudi na asilale, na kesho yake pia asilale, akaanza kuwapigia wateja wa shamba asilolimiliki, hapo ndipo penye habari. Mkewe ataliona hilo kabla ya simu. Programu iliyotengenezwa vizuri ingempa mke huyo, kwa idhini ya mumewe, namba ya muuguzi wa kumpigia siku hiyohiyo, wiki tatu kabla ya tarehe ya kliniki.