Tangi Moja, Kazi Tatu

Jack Swigert aliombwa akoroge matangi. Oksijeni ya Apollo 13, chombo kilichokuwa njiani kwenda mwezini, ilihifadhiwa katika baridi kali na shinikizo kubwa, haikuwa kimiminika wala gesi kamili, na ikiachwa imetulia ilijitenga matabaka kama uji uliosahaulika jikoni, vipimo vikaanza kudanganya. Kwa sababu hiyo kila tangi lilikuwa na feni ndani yake. Kipimo cha tangi namba 2 kilikuwa kimekwisha kuharibika saa kadhaa kabla, ndiyo maana waongozaji wa safari kule Houston walitaka likorogwe mara nyingi zaidi ya kawaida. Swigert akawasha feni. Dakika moja na nusu baadaye chombo kizima kikatikisika kwa mshindo.

Ilikuwa Aprili 13, 1970, saa 3 na dakika 8 usiku kwa saa za Houston. Huku Afrika Mashariki ilikuwa saa 12 asubuhi imepita kidogo, Aprili 14. Wanaanga watatu, Jim Lovell aliyekuwa kamanda, Swigert na Fred Haise, walikuwa kama kilomita 320,000 kutoka duniani. Swigert mwenyewe alikuwa ameingizwa kikosini siku chache tu kabla ya kuruka, baada ya Ken Mattingly kuzuiwa na madaktari kwa hofu ya rubela.

Kilichofuata ndicho kinachowavutia wahandisi hadi leo. Taa za tahadhari ziliwaka kwa mfuatano. Umeme ukashuka kwenye njia moja kuu ya usambazaji. Mitambo miwili kati ya mitatu ya kuzalisha umeme ikazimika. Tangi namba 2 likasoma sifuri, na tangi namba 1, ambalo halikuwa na kosa lolote, likaanza kupungua nalo. Kule Houston, Sy Liebergot, aliyesimamia umeme na hewa ya chombo, alidhani kwanza kwamba vipimo ndivyo vilivyoharibika. Hakuwa mjinga. Chombo kilisanifiwa ili mitambo mingi hivyo isife kwa mpigo, na mtu akiona skrini nzima inasema jambo lisilowezekana, busara humtuma kuishuku skrini. Shaka ilikwisha pale Lovell alipochungulia dirishani, kama robo saa hivi baada ya mshindo, akaona kitu kama gesi kinafuka kutoka ubavuni mwa chombo kwenda angani.

Kuelewa kwa nini tangi moja liliweza kuangusha kila kitu, inabidi kujua lilikuwa likifanya kazi gani. Chombo kilikuwa na sehemu tatu. Odyssey, chenye umbo la pia, ndimo walimokaa wanaanga. Nyuma yake palikuwa na silinda kubwa iliyobeba injini, matangi na mitambo ya umeme. Mbele walikuwa wameunganisha Aquarius, chombo cha miguu minne cha kutua mwezini. Umeme wa Odyssey ulitokana na seli zinazounganisha oksijeni na haidrojeni. Muungano huo hutoa umeme, na mabaki yake ni maji safi, ambayo wanaanga waliyanywa na kupozea mitambo. Oksijeni hiyohiyo ndiyo waliyoivuta puani. Basi pumzi, umeme na maji vyote vilitoka kwenye matangi mawili yaliyowekwa kwenye chumba kimoja, karibu karibu. Karatasini yalihesabiwa kuwa mawili ili moja likifa jingine libaki. Kwa kweli yalikuwa mawili kwa hesabu tu: lililopasuka liling'oa ubamba mzima wa ukuta wa nje, likafunga vali zilizopeleka oksijeni kwenye seli mbili, na likaliachia jirani yake jeraha la kuvuja.

Hitilafu yenyewe haikuzaliwa angani. Ndani ya tangi kulikuwa na kipasha joto, na swichi ya kukizima joto likizidi. Swichi ile ilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, umeme wa chombo. Mwaka 1965 iliagizwa kwamba matangi yaweze kutumia pia volti 65, umeme wa pale uwanja wa kurushia Florida. Kampuni ya Beech Aircraft iliyoyatengeneza haikubadilisha swichi, na katika ukaguzi wote uliofuata hakuna aliyeligundua. Oktoba 1968 tangi hilohilo, likitolewa kwenye chombo kingine, liliporomoka kiasi cha sentimita 5 kwa sababu boliti moja ilisahaulika bila kufunguliwa. Likakaguliwa kwa nje, likaonekana zima.

Machi 1970, baada ya jaribio la maandalizi, tangi lilikataa kutoa oksijeni iliyobaki. Huenda bomba la ndani lililegezwa na kule kuanguka. Mafundi wakaamua kuichemsha itoke. Wakawasha kipasha joto kwa saa 8, kwa volti 65. Swichi ilipojaribu kufunguka ili kuzima, umeme ule mkubwa uliziunganisha ncha zake zikashikana kama zilizochomelewa. Joto likapanda, kwa makadirio ya wachunguzi, hadi kama nyuzi 540 za Selsiasi, likababua plastiki iliyofunika nyaya za feni. Kuna jambo dogo hapa linalonikera kuliko yote: kipimo walichokiangalia mafundi hakikuweza kusoma zaidi ya nyuzi 27 hivi. Mshale ulifika mwisho ukatulia, na aliyeutazama aliona joto la mchana wa kawaida. Kuanzia siku hiyo tangi lilikuwa na nyaya zilizo uchi, zimezama kwenye oksijeni safi, likingoja cheche.

Turudi angani. Seli ya tatu ilikuwa na uhai wa saa mbili hivi, ikinyonya tangi linalovuja. Houston waliamuru mambo mawili yaliyoamua kila kitu. Kwanza, tangi dogo la oksijeni na betri za Odyssey zitengwe upesi, kwa kuwa hizo ndizo zingehitajika wakati wa kushuka duniani, na Odyssey peke yake ndicho kilichokuwa na ngao ya joto. Pili, watu wahamie Aquarius. Wazo hilo halikuibuka usiku ule. Katika mazoezi ya Apollo 10 waongozaji walikuwa wamepewa hitilafu ya aina hiyo wakashindwa kukiwasha chombo cha kutua kwa wakati, na baadaye baadhi yao wakakaa wakaandika taratibu za kukitumia kama mashua ya kuokolea. Ile sentensi maarufu kwamba kushindwa si chaguo haikutamkwa na mtu chumbani mle. Iliandikwa kwa ajili ya filamu ya 1995 kuhusu safari hiyo. Waliokuwa chumbani walikuwa na mafaili.

Kabla Odyssey haijazimwa, Lovell alinakili pembe za mwelekeo wa chombo kutoka kwenye kompyuta yake ili aziingize kwenye kompyuta ya Aquarius. Vyombo viwili vilikuwa vimeunganishwa vichwa kwa vichwa, hivyo pembe zilihitaji kugeuzwa kwa kutoa na kujumlisha. Akafanya hesabu kwa kalamu, kisha akawaomba Houston wamhakikishie kwamba hakukosea. Hilo napenda kulikumbuka kuliko mengi yanayosemwa kuhusu ushujaa wake.

Njia waliyokuwa wakiifuata ingewapitisha nyuma ya mwezi na kuwakosesha dunia wakirudi. Saa tano na nusu baada ya mlipuko waliwasha injini ya Aquarius kwa sekunde 34, wakarudi kwenye njia ambayo mvuto wa mwezi wenyewe ungewatupa nyumbani. Nyumbani hapo ni Bahari ya Hindi, ambako hapakuwa na meli za kutosha za kuwaokoa. Baada ya kuuzunguka mwezi wakawasha tena, dakika 4 na ushei, wakaokoa kama saa kumi na kuhamisha mahali pa kuangukia hadi Pasifiki. Kulikuwa na pendekezo la haraka zaidi, la kuitupa kwanza ile silinda ya nyuma ili chombo kiwe chepesi. Gene Kranz, mkuu wa waongozaji kule Houston, na wenzake walilikataa: ngao ya joto ingebaki wazi kwenye baridi, na hakuna aliyejua ingekuwaje.

Sasa hesabu. Aquarius kilisanifiwa kwa watu wawili kwa saa 45. Kilitakiwa kubeba watatu kwa saa kama 90. Oksijeni, chanzo cha balaa lote, humo ilikuwa tele. Kilichokosekana ni umeme na maji, na hapo tena vilifungamana: mitambo ya Aquarius ilipozwa kwa maji yaliyoachiwa yageuke mvuke angani, kwa hiyo kila kifaa kilichowaka kilikunywa maji. Kuzima taa kulikuwa kuokoa maji. Wakazima karibu kila kitu, mpaka chombo kikabaki kinatumia ampea 12 tu, yaani kama wati 350. Watu wakajinyima nao, kila mmoja akinywa kama mililita 200 kwa siku. Haise akapata maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa pamoja watatu hao walirudi wamepungua kilo 14.

Halafu wakaanza kusumbuliwa na pumzi zao wenyewe. Hewa ukaa husafishwa na makopo ya lithiamu haidroksaidi. Ya Aquarius yalikuwa ya mviringo na machache. Ya Odyssey yalikuwa mengi, ila ya mraba. Vyombo vilitengenezwa na kampuni mbili tofauti na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kimoja kitavaa vya mwenzake. Kule Houston, Ed Smylie na mafundi wake walikusanya mezani vitu ambavyo walijua vimo angani, wakaunda kiunganishi: mfuko wa plastiki ukifunika kopo la mraba, jalada gumu la kitabu cha taratibu likiwa tao juu yake ili hewa ya feni isiunyonye mfuko na kuuziba, bomba la vazi la angani likichomekwa pembeni, na tepu ya kijivu ikizungushwa kila penye ufa. Maelekezo yalisomwa kwa redio hatua kwa hatua, kama saa nzima, wanaanga wakiyarudia na kukata na kubandika. Sauti ilichukua sekunde moja na kitu kufika. Mwanaanga aliyeko Mars angengoja dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya 20, kusikia neno "kata", na dakika nyingine kama hizo kabla swali lake halijajibiwa. Wanaopanga safari za Mars wanajua kwamba fundi itabidi asafiri na chombo.

Kila dawa ilikuja na maradhi yake. Ule mvuke wa kupozea ulikuwa ukikisukuma chombo taratibu na kukitoa njiani, na kosa dogo la pembe lingewafanya wauruke ukingo wa angahewa. Nyota hazikuonekana vizuri kwa sababu ya vumbi na vipande vya mlipuko vilivyokuwa vikielea pamoja nao. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Basi Lovell akaelekeza dirisha kwenye mstari unaotenganisha mchana na usiku juu ya uso wa dunia, akashika usukani mmoja, Haise akashika mwingine, Swigert akahesabu kwa saa ya mkononi. Injini iliwaka sekunde 14.

Ndani ya Odyssey joto lilishuka hadi nyuzi 3 hivi. Mvuke wa pumzi uligeuka matone kwenye kuta na kwenye paneli za swichi, na nyuma ya paneli hizo kulikuwa na nyaya. Hapakutokea hitilafu ya umeme, kwa sababu baada ya moto wa Apollo 1 ulioua watu watatu Januari 1967, nyaya zote zilikuwa zimefunikwa upya kwa uangalifu mkubwa. Kazi ya kukiwasha chombo kilichozimwa na kupoa angani haikuwa imewahi kufanywa. John Aaron, mmoja wa waongozaji, alipewa mamlaka juu ya kila ampea. Mattingly, ambaye rubela haikumpata, aliijaribu orodha ya hatua ndani ya chombo cha mazoezi. Taratibu ambazo kwa kawaida huandikwa kwa miezi zilikamilika kwa siku tatu. Betri iliyokuwa imepungua ilichajiwa kutoka Aquarius kupitia waya uliowekwa kupeleka umeme upande wa pili.

Aprili 17 waliiacha silinda wakaona ubavu mzima haupo. Wakaiacha Aquarius. Ukimya wa redio wakati wa kushuka ulizidi matarajio kwa sekunde 87, kisha miamvuli mitatu ikaonekana, na chombo kikatua majini kilomita chache kutoka meli ya kivita Iwo Jima. Grumman, waliounda Aquarius, waliwapelekea North American, waliounda Odyssey, ankara ya utani ya zaidi ya dola 300,000 kwa kazi ya kuvuta gari bovu.

Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Edgar Cortright ilitoa ripoti Juni mwaka uleule. Feni ziliondolewa kwenye matangi na nyaya za ndani zikawekewa kinga ya chuma. Apollo 14 iliporuka Januari 31, 1971, ilibeba tangi la tatu la oksijeni, na halikuwekwa pamoja na yale mawili: lilikaa chumba kingine, na vali ya kulitenga. Iliongezwa pia betri ya ampea-saa 400 ambayo haikuhitaji oksijeni hata kidogo.