Injini ya Suba Imededi: Fufua, Badilisha ama Ongeza Moto?

Injini ya Suba ikidedi Nairobi, mtaa mzima hugeuka injinia. Msee wa boda atakushow ni gasketi. Jamaa wa kaosho atakuambia uuze hiyo ndai kabla haijakumaliza. Mbogi yako, wale wa kulipua eksosi Southern Bypass usiku wa manane, wako na jibu moja tu: "Buda, weka ya STI!" Kila mtu ako na dawa, na hakuna hata mmoja ameuliza mgonjwa alikuwa anaumwa na nini.

Hapo ndio doh ya wasee wengi hupotelea. Kutengeneza, kubadilisha na kuongeza nguvu, zote tatu ni njia safi na kila moja iko na siku yake. Lakini kitu iliua injini ya kwanza, ka bado iko ndani ya gari, itamaliza hata ya pili. Kabla ubonge bei na mtu yeyote, tafuta kilichoua.

Mapenzi ya kitambo

Wakenya hawakuanza kupenda Suba TikTok. Colin McRae alibeba Safari Rally na Impreza 1997, na Richard Burns akashinda tena na Impreza 2000. Watoi wenye walikuwa wanakula vumbi kando ya barabara hiyo miaka ndio mabuda wa WRX sai, na watoi wao wamefuata njia hiyo hiyo.

Injini yenyewe ni EJ, iliyotoka 1989 na Legacy. Silinda nne zimelala, mbili kila upande, pistoni zinaenda kulia na kushoto badala ya juu na chini. Uzito unakaa karibu na lami, ndio maana hii ndai hushika kona ile mbaya. EJ20 ni sisi 1994, EJ25 ni 2457. Huko Japani, Subaru iliaga EJ20 na toleo la mwisho la WRX STI, gari 555 pekee, lililotangazwa 2019. Chanuka hapo: zile injini unaona zimepangwa Kirinyaga Road, pale sisi wote tunaitanga Grogan, zilishafanya wera kwa gari ya mtu mwingine. Na kila mwaka zinazeeka.

Kwanza, postimotemu

Anza na masikio. Ngo-ngo nzito ya kutoka chini, inayopanda ukifinya mafuta, mara nyingi ni beringi za konrodi. Fundi mjanja atachomoa koili za silinda moja baada ya ingine injini ikiguruma. Akizima moja na kelele ipungue, mshukiwa amepatikana. Baada ya hapo usiwashe tena hata ka ni ya kuonyesha beshte. Oili imwagwe, filta ipasuliwe. Ukiona vichembe vinang'aa, hiyo ni chuma ya beringi, na imeshatembea kila mahali oili hufika: turbo, kipoza oili, hadi mitambo ya AVCS inayogeuza kemshafti.

Moshi ukiwa wa bluu na gari inatetemeka ikiwa imesimama, itisha kipimo cha kompresheni, halafu cha kuvuja. Hiki cha pili hakihitaji maneno mob: upepo unaingizwa kwa silinda, na nyinyi mnatega masikio mjue unatorokea wapi. Mapovu yakitokea kwa redieta, ni gasketi ya hedi. Upepo ukipuliza kwa shimo ya kuwekea oili, ni ringi ama pistoni. Ukitokea kwa eksosi, valvu ya eksosi haifungi. Na kwa kompresheni usibabaishwe na namba kubwa. Angalia tofauti. Silinda tatu zikiwa sambamba na moja imeachwa nyuma, hiyo moja ndio iko na stori. Kwa EJ25 ya turbo, silinda nambari nne iko na jina mbaya: ukingo wa pistoni pale ringi hukaa huvunjika, juu pistoni za kiwandani haziwezani na petroli inayolipuka ovyo ndani ya silinda.

Na ka iliboil, uliza mbona iliboil. Kuna mafundi hutoa themostati "ndio injini ipate hewa", halafu wanajaza maji ya mfereji mahali pa kulanti. Noma ni mbili. Injini bila themostati haipati joto lake sawasawa, haswa asubuhi ya Limuru. Maji ya mfereji nayo yanakula aluminiamu na kuziba redieta polepole. Ukileta injini ingine na redieta ibaki ile ile, umejipangia tu kuvutwa na breakdown mara ya pili.

Kufufua

Tengeneza ka uharibifu uko mahali pamoja na historia ya hiyo injini unaijua. Gasketi imeenda lakini ulizima mapema, valvu haifungi, sili zinavuja: hizo ni wera za kawaida. Faida ni kwamba unajua kila kitu hiyo injini imepitia, na nambari yake iko tayari kwa logibuku.

Shida ni fundi. Bloki ya EJ ni nusu mbili zilizobanwa pamoja, na pini za pistoni hutolewa kupitia matundu ya kwa bloki. Msee anaweza kuwa mnoma kwa Probox na hapa akwame, aanze kutafuta nyundo. Muulize bila aibu: umefungua EJ ngapi, na ziko wapi sai? Ka hawezi kukuonyesha hata moja inatembea, hizo zingine ni jaba.

Ukikubali kufungua, maliza. Hedi zipelekwe mashini shopu zipimwe ka zimepinda, zikwanguliwe zilale sawa. Weka gasketi za tabaka za chuma. Mkanda wa taiming, tenshona, aidla na pampu ya maji vibadilishwe siku hiyo hiyo, juu injini tayari iko nje na pesa ya kuitoa umeshalipa. Huo mkanda hupewa kama kilomita 100,000. Ukikatika kwa EJ ya kemshafti nne, valvu zinapinda na unaanza upya. Kuna wasee huruka hiyo hatua waokoe thao chache, na ndio hao hao hurudi kwa fundi wakiwa wamenyamaza.

Mpaka wa kufufua uko kwa krenki na bloki. Krenki ikiwa imekwaruzwa vibaya, silinda zimechimbika na pistoni zinatakikana, piga hesabu kwa karatasi. Bili ikikaribia bei ya injini nzima yenye imepimwa, sentimenti weka kando.

Kubadilisha

Hapa ndio Grogan hupendeza na pia hukula watu. Muuzaji atakuapia ni ex-Japan, kilomita chache, ilikuwa ya mzee wa Osaka. Injini haibebi mita ya kilomita, kwa hivyo usinunue stori, nunua vipimo. Ile imekuja na kichwa cha gari kilichokatwa kizima, waya na ECU (kompyuta ya injini) zikiwa ndani, ni poa kuliko ile imelala peke yake kwa sakafu, juu unaweza kuunganisha betri, uizungushe na upime kompresheni hapo hapo. Fungua kifuniko cha oili uangalie ka kuna tope nyeusi. Chomoa plagi zote nne uzilinganishe rangi. Shika shafti ya turbo uitingishe. Ikigusa ukuta, jua hiyo turbo imechapa. Halafu warantii iandikwe kwa risiti na nambari ya injini. Ya mdomo huisha ukitoka kwa geti.

Chukua aina ile ile ilikuwa ndani. EJ205 itoke, EJ205 iingie. Ukibadilisha aina, sensa na waya zinaanza kukataana na fundi wa umeme anakuwa mgeni wako wa kila wiki. Na ka ya kwanza ilienda na beringi, usirudishe kile kipoza oili. Hakioshwi kikaisha chuma. Nunua kingine, osha karteri, na uangalie bomba la kunyonyea oili, juu kwa hizi injini hupasuka pale limeunganishwa, na likipasuka linanyonya hewa badala ya oili.

Kisha kuna karatasi. Logibuku iko na nambari ya injini, na ukibadilisha lazima NTSA wajue na gari ikaguliwe. Risiti ya injini iweke safe. Nambari zisipofanana, siku ya kuuza ndio utajua, ama siku karao ataamua kuinua boneti, ama siku bima itatafuta sababu ya kutolipa. Na ka injini ilitolewa kwa gari ya wizi, hiyo ni ngori ingine kabisa.

Kuongeza moto

Sasa tuingie mahali mbogi inapenda. Toa EJ205, weka EJ207 ya STI ya Japani, ile ya farasi 280 kwenda juu. Inaingia. Swali ni nini ingine inafuata.

Cha kwanza ni petroli. ECU ya STI ya Japani iliandikwa ikijua itakunywa petroli ya Japani ya oktani karibu 100. Super ya hapa iko chini ya hapo. Ukiiacha hivyo na ukanyagie kupanda Kinungi, petroli inaanza kulipuka ovyo, na pistoni ndio hulipia. Lazima ECU iandikwe upya kwa petroli yenye utakuwa unaweka kila siku, sio ile uliweka siku ya daino.

Cha pili ni urefu wa mji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Turbo hapa inazunguka zaidi ndio ifikishe presha ile ile, na hewa inatoka ikiwa moto. Ukishuka Coast, hewa inakuwa nzito na joto la nje linapanda. Mtu wa kukutyunia akose kuuliza ka gari hufika Mombasa, tafuta mwingine.

Cha tatu ni giaboksi. Ile ya gia tano ya WRX inajulikana kwa kung'oka meno ikiongezewa nguvu. STI za baadaye zilipewa ya gia sita yenye iko na mwili. Ongeza kwa bili klachi, breki, matairi na pampu ya petroli. Injini ndio huanza hiyo bili, lakini haimalizi.

Na kuna hii, yenye wauzaji hawatakushow. Ule mgurumo wa Suba hutoka kwa bomba za eksosi zenye urefu tofauti. EJ207 za baadaye za Japani, zile za turbo ya njia mbili, zilikuja na bomba za urefu sawa. Zinapumua poa, turbo inaamka mapema, na mgurumo unahepa. Kuna msee ataongeza nguvu akipoteza kitu ilimfanya anunue hiyo ndai. Amua mapema ka unatafuta mwendo ama sauti, juu sauti unaweza kupata na eksosi tu, injini ikiwa ile ile.

Chaguo ni lako

Ka gari ndio inakupeleka job Jumatatu, uharibifu ni mdogo na fundi unamjua, fufua. Ka krenki ama bloki imeenda, badilisha na aina ile ile, usafishe njia ya oili na ya maji. Kuongeza moto ni ya msee ako na gari ingine ya kazi, injini yake ni nzima kwa vipimo, na doh ya giaboksi na breki iko kando kabla injini ifunguliwe. Hiyo nguvu ipeleke Whistling Morans kule Athi River siku ya mbio, sio Thika Road kati ya matatu na akina mathe wanaovuka.

Kuna njia ya nne yenye watu huonea haya: kuuza vile iko. Gari ya injini mbovu na bodi safi iko na mnunuzi, haswa msee ako na injini na hana bodi. Ukipiga hesabu upate bili imepita nusu ya bei ya gari ikiwa nzima, pigia huyo msee kwanza.

Njia yoyote utachukua, usilipe dipositi kabla fundi akuandikie kwa karatasi kitu mbili: kilichoua injini, na chenye atafanya kisirudi. Akikataa kuandika, chukua funguo zako uende kwa mwingine. Grogan haijawahi kosa mafundi.