Kamera ya Kumnasa Fahali wa Khayega

Ukiingia dukani kutafuta kamera ya kurekodi mambo ya nyumbani, cha kwanza utakachoonyeshwa ni idadi ya megapikseli kwenye boksi. Idadi hiyo iache. Video ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni mbili tu, na kamera ya megapikseli 18 au 24 huipunguza picha hadi kipimo hicho inaporekodi. Megapikseli nyingi zinamfaa anayechapisha mabango. Hapa Khayega, Kakamega nchini Kenya, kamera hutiwa majaribuni na isukuti, na mazishi, na fahali wanaopiganishwa asubuhi.

Tuanze na isukuti, maana hapo ndipo kamera nyingi za bei nafuu hushindwa. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu na njuga. Kamera isiyokuruhusu kupanga sauti kwa mkono hujipangia yenyewe. Pakinyamaza inaongeza, pakivuma inapunguza. Ngoma kubwa ikilia, sauti yote inashushwa na mwimbaji anamezwa. Wapigaji wakipumua kidogo, inapandishwa mpaka unasikia bodaboda za barabara ya Kisumu. Mshindo ukizidi kabisa, sauti hupasuka, na sauti iliyopasuka hakuna fundi wa kompyuta atakayeirudisha ilivyokuwa.

Kwa hiyo mimi hutafuta tundu la maiki kabla sijaitazama lenzi. Canon EOS 600D ilitoka mwaka 2011, na leo hupatikana kama mtumba. Tundu la maiki inalo, kiwango cha sauti unakipanga mwenyewe, na kioo chake kinageuka. EOS 2000D ilitoka mwaka 2018, lakini tundu hilo haina, na kioo chake hakisogei. Kwa kazi yetu, mkongwe anamshinda kijana. Na kama pesa ya maiki haijapatikana, tia simu ya pili kwenye mfuko wa shati la mwimbaji irekodi sauti peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ngoma haijaanza. Mlio wa kofi hilo ndio utakaokuonyesha mahali pa kuoanisha sauti na picha.

Lakini 600D nayo ina kasoro yake, na mazishi ndiyo yatakayoianika. Faili moja likifika gigabaiti 4, kurekodi kunasimama, na kwa ubora wa juu hiyo ni kama dakika 12. Katika matanga ya huku, dakika 12 ni salamu tu. Wakwe hawajasimama bado. Kamera nyingi za picha zilizokuja baadaye ziliongezewa muda, lakini zikakomea dakika 29 na sekunde 59. Sababu si ya kiufundi pekee: Ulaya ilikuwa ikitoza ushuru zaidi kwa kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi mfululizo, kwa kuwa kilihesabiwa kuwa kamera ya video. Ushuru wa Ulaya ukaja kumkatiza mjomba akisoma wasifu wa marehemu kule Shinyalu.

Kamera ndogo ya video, aina ya Handycam, haina shida hiyo. Inaendelea hadi kadi ijae au betri iishe. Lenzi yake pia huvuta mbali, jambo la maana kwa fahali, kwa sababu ng'ombe aliyeshindwa hukimbilia popote, hata kwa watazamaji, na hutaki kuwa karibu naye ukitazama kioo. Udhaifu wake ni mwanga. Mapigano huanza mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, na kihisi kidogo cha kamera hiyo hujaza picha chengachenga. Simu nzuri inaweza kuishinda kwa mwanga huo, ila ukijaribu kuvuta karibu kwa simu ya kawaida, unachokuza ni ukungu.

Ningekuwa na bajeti ndogo na simu isiyo mbaya, ningenunua kwanza maiki na stendi. Pesa ikiongezeka, Handycam ya mtumba yenye tundu la maiki kwa mazishi na fahali. 600D ningeichukua kwa ajili ya kumrekodi nyanya sebuleni akisimulia, nikaifungia lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu na hupokea mwanga mwingi.

Sebuleni kuna mtego mwingine. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa za mirija na baadhi ya balbu za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, ndipo unaona michirizi ikishuka ukutani. Weka fremu 25 na kasi ya shata 1/50, au tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa 50 Hz.

Ununuzi wa mtumba unataka subira. Kakamega ina mvua nyingi, na lenzi iliyofungiwa kwenye unyevu huota kuvu: mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili, na ukiona nyuzi kama utando wa buibui iache. Nenda na kadi yako mwenyewe, rekodi palepale dukani mpaka kamera ipate joto, kisha sikiliza kwa iafoni. Kadi nayo uijaribu, kwa sababu za bandia ni nyingi: huandikwa gigabaiti 64 na kubeba sehemu ndogo tu. Ijaze hadi ukingoni kisha ufungue faili la mwisho, wiki moja kabla ya sherehe.